Jiwe Linajulikana kwa Hesabu Yake



Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu iko nacho mu nyumba, mu lupango, hata ndani ya mwili, na hakuna mwenye kukiona kwa macho. Usitafute mbali. Waya wa taa ni shaba. Bati la nyumba limepakwa zinki. Batri ya telefone iko na litiumu, na mara nyingi iko na kobalti pia. Chumvi ya sombe iko na sodiumu. Mifupa yako iko na kalsiumu. Na vumbi inayoingia ku dirisha, hapa kwetu katikati ya mashimo ya kuchimba, iko na vitu mingi pamoja. Vitu hivi vyote vinatofautiana juu ya sababu moja: hesabu. Njo hesabu hiyo nataka kukuonyesha.

Mimi ni mama wa jamaa, tena ni mwalimu. Miaka zaidi ya 20 ninafundisha somo ile tunaita ku masomo shimi, na wengine wanasema kemia. Kila mwaka mu Septemba ninahesabu wanafunzi wangu, na kila mwaka nyuma ya Noeli ninawahesabu tena. Wamepungua. Wale wanaokosa hawakuhama. Wako ku mashimo, wanachimba, ao wako ku mto, wanaosha mawe. Wazazi wananiambia: "Mama mwalimu, shimi yako haitoe bukari, jiwe linatoa." Siwakasirikii, maana njaa naijua na mimi. Lakini ninawajibu vile nitakujibu wewe: jiwe lenyewe njo shimi. Anayechimba bila kulijua anauzisha kitu asichokijua kwa mtu anayekijua vizuri.

NDANI YA PUNJE MOJA

Kamata kipande cha waya wa shaba, ukikate katikati. Kila nusu ni shaba. Kata tena, na tena. Kama ungekuwa na kisu cha ajabu, ungefika mwisho ku punje ndogo sana ambayo ukiipasua haiko shaba tena. Punje hiyo inaitwa atomu. Ukipanga atomu za shaba moja nyuma ya ingine juu ya urefu wa milimita moja, zitaingia karibu milioni 4.

Usifikiri atomu iko sawa kijiwe kigumu. Mwaka 1911, Ernest Rutherford, aliyekuwa akifanya kazi Manchester, Uingereza, alionyesha kwamba karibu uzito wote wa atomu umekusanyika katikati, mu kiini kidogo sana. Tuseme atomu ya shaba iwe kubwa sawa kiwanja cha mpira, kutoka goli mpaka goli. Kiini chake kitakuwa sawa punje moja ya mtama pale katikati. Fasi yote inayobaki ni ya elektroni, ambazo ni nyepesi sana.

Ndani ya kiini kuna protoni, zenye umeme wa kujumlisha (+), na neutroni, zisizo na umeme. Inje ya kiini kuna elektroni, zenye umeme wa kutoa (−). Mu atomu nzima, hesabu ya protoni na hesabu ya elektroni ni sawasawa. Njo maana ukigusa sufuria haikupige umeme.

Sasa shika neno hili, maana yote yanayofuata yanasimama juu yake. Hesabu ya protoni njo jina la kweli la kitu. Protoni 26 ni chuma. Protoni 27 ni kobalti. 28 ni nikeli, 29 ni shaba, 30 ni zinki. Hakuna 27 na nusu. Penye protoni 29 pana shaba, iwe mu waya wa Lubumbashi, ao mu jiwe la rangi ya majani la Kambove, ao mu mashini iliyotoka Uchina.

Na hesabu hiyo huwezi kuibadilisha kwa moto wa jiko, wala kwa asidi, wala kwa dawa ya mganga. Babu zetu wa Katanga walikuwa mafundi wa mikuba. Walichoma malakiti na makala mu tanuru ya udongo, wakamimina misalaba ya shaba, mamia ya miaka mbele ya wazungu kufika. Hawakuumba shaba. Shaba ilikuwa ndani ya jiwe, na protoni zake 29 tayari. Makala iliondoa tu oksijeni iliyokuwa imeishika. Viwanda vikubwa vya leo, pamoja na asidi yao, vinafanya kazi ile ile: vinatenganisha tu.

RANGI INADANGANYA

Wachimbaji wetu wa mkono wanajua mawe kwa rangi. La majani ni malakiti, lina shaba. Jeusi ni heterojeniti, lina kobalti. Elimu hii si ya kucheka. Watu waliilipa kwa jasho. Lakini rangi ni shahidi dhaifu. Manganezi, yenye protoni 25, inatoa pia mawe meusi. Na kuna jiwe lingine jeusi, zito, linaloitwa uraniniti. Lina uraniumu, protoni 92. Hata jiwe la majani: Shinkolobwe, na Musonoi karibu na Kolwezi, vimetoa mawe ya majani mazuri sana yenye shaba na uraniumu pamoja. Jicho halitenganishe 29 na 92.

Hatuko wa kwanza kudanganywa. Zamani, wachimbaji wa Ujerumani walikuwa wanatafuta feza. Walikuta mawe fulani yanayofanana na mawe ya feza, wakayachoma, na feza haikutoka. Mahali pake ulitoka moshi wa sumu, juu ya arseniki iliyokuwa ndani. Wakasema pepo wa mashimo, ile waliita Kobold, amewaibia. Mu miaka ya 1730, Georg Brandt wa Uswidi alionyesha kwamba ndani ya mawe yale hamna pepo, muna metali ya pekee. Jina la pepo likabaki: kobalti. Nikeli pia ilipata jina lake namna ile ile. Jiwe lilionekana kama la shaba, halikutoa shaba, wakaliita shaba ya shetani. Mu 1751, Axel Cronstedt, naye wa Uswidi, akatoa nikeli ndani yake.

Unaona sasa, kijana? Metali ambayo leo zaidi ya nusu ya ile inayochimbwa duniani inatoka Congo yetu ilianza kwa jina la kulaaniwa, kwa sababu watu waliitazama rangi na hawakujua kilichomo.

TABLO NA NAFASI ZAKE

Mu 1869, mwalimu mmoja wa Saint Petersburg, mu Urusi, jina lake Dmitri Mendeleev, alikuwa anaandika kitabu cha wanafunzi. Wakati ule vitu vya msingi vilivyojulikana, tunavyoita elementi, vilikuwa 63. Alivipanga kwa uzito, kutoka chepesi mpaka kizito, akaona jambo: tabia zinarudi. Nyuma ya muda fulani kinakuja kitu chenye tabia sawa na kile cha zamani. Akavipanga mu safu, ndugu chini ya ndugu. Njo tablo ile inayotundikwa leo ku ukuta wa darasa.

Pale ndugu alipokosekana, Mendeleev aliacha nafasi wazi. Mu 1871 aliandika tabia za kitu ambacho mtu hajakiona: kitakaa chini ya silisiumu, uzito wake utakuwa karibu 72. Mu 1886, Clemens Winkler wa Freiberg, Ujerumani, alikipata ndani ya jiwe la feza. Uzito wake ulikuwa 72 na kitu kidogo. Akakiita germaniumu. Kina protoni 32.

Germaniumu hiyo si habari ya mbali. Mawe ya Kipushi, pamoja na shaba na zinki yake, yana germaniumu, na mabaki ya mawe yale yaliyochomwa Lubumbashi yalimwagwa ku kile kilima cheusi kinachoonekana kutoka mbali. Watu wengi walikulia chini ya kilima kile wakikiita takataka. Kumbe ndani yake mlikuwa kobalti, zinki, na ile nafasi wazi ya mwalimu wa Urusi. Takataka ya asiyejua ni mali ya anayejua.

Lakini kipimo cha uzito kilikuwa na shida, na shida ilikuwa pale pale kwetu, ku kobalti na nikeli. Uzito wa kobalti ni 58,93. Uzito wa nikeli ni 58,69. Kwa uzito, nikeli ingetangulia. Kwa tabia, kobalti njo inatangulia. Mendeleev mwenyewe, mu tablo ya kwanza, aliziandika pamoja fasi moja, na uzito 59.

Aliyemaliza neno hilo ni kijana wa Uingereza, Henry Moseley. Mu 1913 alipiga elementi moja moja kwa nguvu ya umeme, na kila moja ikajibu kwa mwanga usioonekana, ile tunaita miale ya X. Akakuta kwamba jibu linapanda ngazi kwa ngazi, hatua moja kwa kila protoni. Kobalti ikajibu kama 27, nikeli kama 28. Tangu siku ile tablo inapangwa kwa hesabu ya protoni. Moseley alikufa mu vita, huko Gallipoli, mu Agosti 1915. Alikuwa na miaka 27.

MAJIRANI NA NDUGU

Elektroni hazikae ovyo. Zinakaa mu matabaka, moja inazunguka ingine sawa maganda ya kitunguu. Tabaka la kwanza linapokea elektroni 2, la pili linapokea 8, na kuendelea. Kitu kinapokutana na kitu kingine, tabaka la inje njo linasalimiana. Njo maana vitu vyenye tabaka la inje lenye kufanana ni ndugu, na vinakaa mu safu moja ya kushuka.

Angalia safu ya kwanza: litiumu 3, sodiumu 11, potasiumu 19. Zote tatu ziko na elektroni moja tu inje, na zote zinapenda kuiachilia. Kadiri unavyoshuka, atomu inakuwa kubwa, elektroni ile ya inje inakaa mbali na kiini, na kuishika kunakuwa kazi. Ukitia litiumu mu maji, inatoa mapovu. Sodiumu inayeyuka na kukimbia juu ya maji. Potasiumu inawaka moto. (Wazazi, msiache watoto wajaribu.) Litiumu inatafutwa sana, hata ile ya Manono, juu ya mambo mawili: inaachilia elektroni vizuri, tena njo metali nyepesi kupita zote. Batri inataka vile vile.

Sasa fuata mstari wa kulala, kutoka kushoto kwenda kuume. Kila hatua protoni inaongezeka moja, na kiini kinavuta elektroni kwa nguvu zaidi. Kwa kawaida atomu inakuwa ndogo zaidi. Wale wa kushoto wanatoa elektroni, wale wa kuume wanazikamata. Sodiumu inatoa, klorini inakamata, wanakuwa chumvi ya mezani.

Na katikati ya tablo, pale tunapokaa sisi watu wa Katanga, kuna jambo lingine. Chuma, kobalti na nikeli, 26, 27, 28: elektroni mpya haingie mu tabaka la inje, inaingia mu tabaka la ndani yake. Inje wote wako na elektroni 2. Kwa hiyo sura yao ya inje inafanana. Zote tatu, zikiwa metali safi, zinavutwa na sumaku. Njo sababu majirani hawa wanapatikana pamoja mu mawe, na viwanda vinatumia kazi mingi na asidi mingi kuwatenganisha.

MASHINI YA DEPO

Mtoto wa yaya yangu iko na miaka 18. Nitamwita tu kijana wetu. Aliacha masomo mu mwaka wa tano wa sekondari, anachimba. Siku moja alikuja na jiwe mu kitambaa. "Mama mudogo, hii iko kobalti ao hapana?" Nikamwambia: "Papa, jicho langu si mashini. Twende pamoja." Jumamosi tukaenda ku depo ya kuuzisha mawe, yeye na mifuko yake miwili, mimi na miwani yangu. Jina la fasi sitalitaja.

Mnunuzi alikamata mashini ile wachimbaji wanaita Metorex, yenye umbo la bastola. Akaielekeza ku jiwe moja tu, la juu ya mfuko, lingali na maji ya mto. Akatazama, akaifunika na mkono, akasema: "1,2." Kijana wetu aliinamisha kichwa. Alizoea.

Nikauliza kwa heshima: "Bwana, naweza kuona maandishi?" Akasema mashini si sinema. Tukabeba mifuko yetu. Nyumbani tukatoa mawe juu, katikati na chini ya kila mfuko, tukayaponda mu kinu cha zamani ambacho hatutwangie chakula tena, na kitambaa ku pua. Tukachanganya, tukakausha ku jua. Jumatatu tukaenda ku depo ingine na unga ule. Mnunuzi wa pale alituachia tusome. Ku mstari wa Co iliandikwa 2,3. Mawe ni yale yale. Bei ilikuwa karibu mara mbili.

Mashini inafanya nini? Inafanya ile kazi ya Moseley. Inatuma miale ya X ndani ya jiwe. Mwale unafukuza elektroni ya tabaka la ndani kabisa. Elektroni ya tabaka la juu inaanguka kujaza nafasi, na inapoanguka inatoa mwanga usioonekana. Nguvu ya mwanga huo inatokana na hesabu ya protoni. Kwa kipimo cha kiloelektronivolti, kobalti inajibu kwa 6,9, nikeli kwa 7,5, shaba kwa 8,0. Mashini inasikia majibu, inahesabu ni mangapi ya kila namna, inaandika teneri. Haiko uchawi, na haiko siri ya mnunuzi.

Lakini iko na mipaka yake, na mipaka hiyo njo inaliwa na wajanja. Inaona ngozi ya jiwe tu, haione ndani. Maji yanapunguza jibu. Jiwe moja haliseme juu ya mfuko mzima. Na chuma, jirani wa kobalti, iko na jibu lake la pili ku 7,06, karibu sana na 6,9 ya kobalti. Mashini isiyopangwa vizuri inaweza kuchanganya majirani. Tena kuna alama. Co ni kobalti, Cu ni shaba, Fe ni chuma, Ni ni nikeli. Kijana wetu alikuwa na rafiki aliyeuzisha miezi minne akisoma Cu na kufikiri ni Co. Herufi moja tu, na jasho lake likapotea.

MWILI NAO UNADANGANYWA

Wapenzi wazazi, sehemu hii ni yenu zaidi.

Mwili haujue kuhesabu protoni. Unatambua vitu kwa tabaka la inje, sawa mtu anayetambua mgeni kwa koti. Kumbuka safu ya pili: magneziumu 12, kalsiumu 20, stronsiumu 38, bariumu 56, radiumu 88. Wote wako na elektroni 2 inje. Mwili unatafuta kalsiumu ya kujenga mifupa. Radiumu ikipita, mwili unasema "huyu ni ndugu ya kalsiumu", unaiweka mu mfupa. Na radiumu inatoa miale inayoharibu, ndani ya mfupa, miaka na miaka.

Hayo si mawazo. Mu miaka ya 1920, huko Orange, New Jersey, Marekani, wanawake vijana walikuwa wanapaka rangi ya radiumu ku sura za saa ili zing'ae usiku. Walikuwa wananyoosha ncha ya brashi kwa midomo. Mataya yao yalioza, mifupa ilivunjika, wengi walikufa. Radiumu yao ilitoka ku udongo wa Marekani. Lakini mu miaka ile ile radiumu nyingi zaidi ilikuwa inatoka Shinkolobwe, karibu na Likasi. Mawe yalipelekwa Olen, Ubelgiji, na tangu 1922 yalitoa radiumu huko. Kisha uraniumu ya shimo lile lile iliingia mu bomu la Hiroshima, 1945. Mu 2004 serikali ilifunga Shinkolobwe, ambako watu walikuwa wanachimba kobalti kwa mikono. Mu Julai mwaka ule shimo lilianguka na kuua watu. Uraniumu, 92, inabadilika polepole yenyewe. Inapita ku radiumu 88, inapita ku radoni 86 ambayo ni hewa inayokaa mu mashimo yasiyo na upepo, inaishia ku risasi 82. Hapo tu njo hesabu inabadilika, na inapobadilika inapiga mwili.

Risasi yenyewe haiko mu safu ya kalsiumu, lakini inapoteza elektroni 2 sawa nayo, na mwili unaiweka ku mifupa vile vile. Kwa mtoto mdogo inaharibu akili.

Na kobalti? Watu wengine wananiuliza kama inatoa miale. Hapana. Kobalti ya udongo wetu iko na protoni 27 na neutroni 32, imetulia. Ile "kobalti 60" ya kutibu kansa ku hospitali iko na neutroni 33, inatengenezwa mu mashini za nguvu ya atomu. Ni pacha wa jina moja, tabia mbalimbali. Hata zaidi, mwili unahitaji kobalti kidogo sana: mu vitamini B12, inayosaidia kutengeneza damu, kuna atomu moja ya kobalti katikati. Lakini kidogo haiko mingi. Vumbi ya kobalti inaharibu mapafu. Mu 2009, wataalamu wa Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kazi yao: mu mkojo wa watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga walikuta kobalti mingi kupita kawaida. Mu 2018 walitangaza ingine juu ya Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako watu walianza kuchimba ndani ya malupango yao mu 2014. Huko, watoto njo walikuwa na mingi zaidi. Mtoto anatambaa chini, anatia mkono mu kinywa. Yeye hakushika pauni wala sururu, lakini vumbi ilimfikia.

TUFANYE NINI?

Sitaki kukuambia uache kazi inayolisha watoto kesho asubuhi; sina mahali pa kukupeleka. Nakuambia mambo unayoweza.

Mfuko wa mawe usilale mu chumba cha kulala, hata usiku mmoja juu ya wezi. Nguo za shimo zibaki inje, zioshwe peke yake. Anawa mikono na uso mbele ya kubeba mtoto. Fagia na maji, usirushe vumbi. Mama mwenye mimba na mama anayenyonyesha wasiponde mawe, wasipepete. Jiwe jeusi zito kupita kawaida, usilitunze mu nyumba kama pambo.

Wewe unayeuzisha: kausha, ponda, changanya, chukua ya juu, ya katikati na ya chini. Omba kusoma mwenyewe. Akikataa, beba mfuko wako uende kwa mwingine, na mwende wengi pamoja, maana mmoja anafukuzwa na kumi wanasikilizwa.

Na wewe mwanafunzi unayefikiri kufunga daftari: wale wanaonunua jiwe la baba yako wamesoma tablo hiyo. Wahandisi wa kiwanda wameisoma. Daktari anayepima mkojo wa mdogo wako ameisoma. Kwa nini wewe uliyezaliwa juu ya 27 na 29 usiisome?

Kijana wetu angali anachimba. Hajarudi ku masomo, na sijui kama atarudi. Lakini Jumapili mchana anakuja na wenzake watatu, tunakaa chini ya mwembe, na tumefika ku mstari wa nne wa tablo. Wiki iliyopita mmoja aliuliza kwa nini zinki haivutwe na sumaku. Hata mimi ilinibidi nifungue kitabu.

Nakuachia kazi ya nyumbani. Kamata kalamu, andika nyuma ya mlango, fasi watoto wataona: Fe 26, Co 27, Ni 28, Cu 29, Zn 30, Ge 32, Pb 82, Ra 88, U 92. Waulize usiku, mbele ya bukari. Anayejibu vizuri anakamata kipande cha samaki cha kwanza.